Saratani ya Mama Imefika Kwenye Ubongo, na Nyumbani Hatuelewani

Daktari,

Nakuandikia kwa ajili ya mama yangu, ingawa yeye mwenyewe hajui. Ana umri wa miaka 61 na maisha yake yote amekuwa fundi wa kushona nguo. Hajawahi kuvuta sigara hata siku moja. Miezi minane iliyopita, baada ya kukohoa kwa muda mrefu na kutibiwa nimonia mara mbili bila nafuu, aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa kwa uchunguzi, yalisema ni adenokasinoma, aina ya saratani inayoanzia kwenye chembe za tezi. Alipewa tibakemikali mizunguko minne, kikohozi kikapungua, akarudi kwenye cherehani yake, nasi tukaanza kuamini kwamba mabaya yamepita.

Mwezi uliopita nilimkuta ameshika sindano kwa mkono wa kushoto na uzi kwa mkono wa kulia, anajaribu kutunga, na uzi unapita pembeni kila mara. Alicheka, akasema macho yamezeeka. Wiki hiyohiyo alianza kuangusha vikombe, na vifungo vya gauni akawa anavifunga upande mmoja juu na mwingine chini. Kisha usiku mmoja mwili wote ulikakamaa na kutikisika, akapoteza fahamu, na povu likamtoka mdomoni. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, kilionyesha vivimbe vitatu kwenye ubongo, kikubwa chake kikiwa na upana wa sentimita 2 hivi, upande wa kushoto.

Walimwanzishia vidonge vya deksamethasoni pamoja na dawa ya kuzuia kifafa. Siku ya tatu alikuwa mtu mwingine kabisa: anakula, anatembea, mkono umepata nguvu, hata akashona pindo la pazia. Kaka yangu mkubwa akasema mama amepona, na kwamba vidonge vile ndivyo vinavyomkosesha usingizi na kumtia hasira zisizo zake. Baada ya wiki tatu akavisimamisha bila kumuuliza mtu. Leo ni siku ya pili tangu aviache. Kichwa kimemuuma tangu alfajiri, na asubuhi ametapika.

Madaktari nao hawakutuambia jambo lilelile. Wa kwanza alitaka apigwe mionzi ya kichwa kizima kwa wiki mbili. Wa pili, tuliyempelekea picha zilezile, alisema ipo mionzi inayolenga vivimbe peke yake, kisha akauliza kama kinyama kilipimwa vinasaba, jambo ambalo hakuna aliyewahi kututajia. Kaka anasema saratani ikishafika kichwani hakuna tiba, tumwache apumzike badala ya kumtesa. Mama mkubwa ameleta dawa za majani, na anataka zianze mara moja.

Juzi mama aliniuliza, "Kichwani mwangu kuna nini?" Nilimjibu kwamba ni shinikizo la damu.

Naomba unieleze: je, hii ni saratani nyingine mpya? Tukubali mionzi ipi? Kaka ana haki? Na mama amebakiza muda gani?

Binti wa Fundi

JIBU

Binti wa Fundi,

Barua yako ilipofika nilikujibu saa ileile kwa faragha kwamba mama apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki. Nalirudia hapa kwa sababu najua si nyumba yenu peke yake ambako vidonge hivyo vimewekwa kabatini na mtu mwenye nia njema.

Kivimbe cha saratani kwenye ubongo huifanya mishipa midogo ya damu iliyokizunguka ivuje, na maji yanayovuja hujaa katika sehemu ya ubongo iliyo jirani. Kwa kuwa fuvu ni mfupa usiopanuka, kinachobanwa ni ubongo wenyewe. Ndiyo maana mtu huumwa kichwa alfajiri, hutapika, na mkono au mguu mmoja hulegea. Deksamethasoni huziba uvujaji huo, na ndani ya siku mbili tatu mgonjwa huinuka kana kwamba amerudishwa kutoka mbali. Mama alishona pindo la pazia kwa sababu maji yalipungua, si kwa sababu vivimbe viliondoka. Dawa hiyo inanunua nafasi ya kupanga tiba, na kazi yake inaishia hapo.

Kuiacha ghafla baada ya wiki tatu kuna hatari mbili kwa pamoja. Maji hurudi, kama mlivyoona asubuhi ile. Zaidi ya hayo, tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya aina hiyohiyo, huwa zimelala kwa kuwa mwili ulikuwa ukiipata kutoka nje, na haziamki kwa siku moja. Mgonjwa anaweza kuishiwa nguvu, shinikizo la damu likashuka, akazimia. Vidonge hivi hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Kaka yako, hata hivyo, aliona jambo la kweli. Vinaondoa usingizi na vinabadili tabia, na dawa mojawapo inayotumika sana kuzuia kifafa, levetirasetamu, nayo inaweza kumfanya mtu mpole awe mkali. Muulizeni daktari kama dozi ya deksamethasoni inaweza kumezwa asubuhi pamoja na chakula, na kama ipo ya pili isipite mchana, kisha ishuke hadi kiwango kidogo kabisa kinachotosha kuzuia dalili. Mwangalieni pia kama ana kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, maana sukari ya damu inaweza kupanda, na kama ana utando mweupe mdomoni. Akianza kushindwa kuinuka kwenye kiti, msikimbilie kusema saratani imeingia miguuni, kwa sababu steroidi, kundi la dawa ambalo deksamethasoni imo, ikitumika kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja.

Sasa maswali yako. Sijamwona mama wala picha zake, kwa hiyo ninayoyaandika ni ya kukuwezesha kuuliza vizuri, na uamuzi utabaki kwa wanaomtibu pamoja na yeye mwenyewe.

Hii si saratani mpya. Chembe zilitoka kwenye pafu, zikasafiri kwa damu, zikatua kwenye ubongo. Zikitazamwa kwa hadubini bado ni chembe za saratani ya mapafu, na hutibiwa kwa kufuata tabia za saratani ya mapafu. Kati ya saratani zote zinazosambaa hadi kwenye ubongo, ya mapafu ndiyo inayoongoza.

Kwa hiyo swali la kwanza haliko kichwani. Daktari wa pili aliligusa penyewe alipouliza kuhusu vinasaba, na kama ningekuwa na nafasi ya kukuambia jambo moja tu, lingekuwa hilo. Kinachoitwa saratani ya mapafu ni magonjwa kadhaa chini ya jina moja. Karibu asilimia 85 ni zile zisizo za chembe ndogo, na adenokasinoma ya mama imo humo. Mwaka 2004 watafiti waligundua kwamba baadhi ya saratani hizi huendeshwa na hitilafu moja katika kinasaba kiitwacho EGFR, mfano wa swichi iliyokwama kwenye kuwaka. Baadaye zikajulikana nyingine, zikiwemo ALK, ROS1 na RET. Hitilafu hizi hupatikana zaidi kwa watu wenye adenokasinoma ambao hawakuvuta sigara kamwe, yaani watu kama mama yako. Kutopimwa ni pengo kubwa, na bado linazibika.

Umuhimu wake kwa kichwa cha mama ni huu. Mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizoshonwa kwa mshono wa karibu sana, utanielewa wewe mtoto wa fundi, na dawa nyingi za tibakemikali hupenya hapo kwa shida. Lakini vipo vidonge vya tiba lengwa, yaani vinavyolenga hitilafu hizo zenyewe, vinavyopenya vizuri. Kwa wenye hitilafu ya EGFR kuna osimertinibu, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2015, ambayo humezwa mara moja kwa siku. Katika utafiti mkubwa uliowapima wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kusogea mbali, nusu ya walioianza kama tiba ya kwanza waliishi zaidi ya miezi 38, wakati kwa waliopewa vidonge vya kizazi cha nyuma ilikuwa karibu miezi 32. Kwa wenye ALK kuna alektinibu na lorlatinibu. Matokeo ya lorlatinibu yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba baada ya miaka 5 takriban asilimia 60 ya walioitumia walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, jambo ambalo nilipoanza kazi hii nisingelisema mbele ya mgonjwa bila kuonekana mwongo. Si dawa tamu: lorlatinibu huweza kupandisha lehemu na kuvuruga hisia na kumbukumbu. Hata hivyo ni mlango, na huwezi kuufungua bila kipimo.

Ulizeni maabara iliyopima kinyama mara ya kwanza. Kwa kawaida kipande hicho huhifadhiwa ndani ya nta kwa miaka, na mara nyingi hakuna haja ya kumchoma mama upya. Kama kimekwisha, hitilafu hizo zinaweza kutafutwa kwenye damu, ila mfahamu kwamba damu ikisema hakuna, jibu hilo halifungi mjadala, kwa kuwa si kila saratani hutupa vinasaba vya kutosha kwenye damu. Na mtu akipendekeza kuanza tiba ya kinga, ile inayoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani, kabla ya majibu, mwombeni kwa heshima asubiri ikiwa hali ya mama inaruhusu. Tiba ya kinga huwasaidia vizuri wengi wasio na hitilafu hizi, lakini kwa wenye EGFR mara nyingi haifui dafu, na mgonjwa akiipata kisha akahamishiwa osimertinibu muda mfupi baadaye, hatari ya mapafu kuvimba huongezeka.

Kuhusu mionzi, madaktari wenu wawili hawakupingana kama mnavyodhani; kila mmoja alitaja chombo halisi, ila vyombo hivyo vina kazi tofauti. Mionzi ya kichwa kizima hutolewa kwa kawaida mara 10 kwa wiki mbili, na hugusa kila sehemu ya ubongo, yenye ugonjwa na isiyo nao. Mionzi lengwa, ambayo daktari wa upasuaji wa Sweden Lars Leksell aliipa jina la upasuaji wa mionzi mwaka 1951 ingawa hakuna kisu kinachotumika, hukusanya miali mingi myembamba kutoka pande mbalimbali ikutane kwenye kivimbe tu. Mgonjwa hulala akiwa amevishwa barakoa ngumu iliyofinyangwa kwa sura yake ili kichwa kisisogee hata milimita chache, na kazi humalizika kwa kikao kimoja au vichache, mara nyingi visivyozidi 5.

Kwa mtu mwenye vivimbe vitatu vidogo, anayetembea na kujihudumia, mimi ningeegemea kwa daktari wa pili, na sisemi hivyo kwa kupenda mashine mpya. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwahusisha wagonjwa 213 wenye kivimbe 1 hadi 3. Wote walipata mionzi lengwa, na nusu yao wakaongezewa ya kichwa kizima. Baada ya miezi mitatu, uwezo wa kukumbuka na kufikiri ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 64 ya waliopata mionzi lengwa pekee, na kwa takriban asilimia 92 ya walioongezewa. Nyongeza hiyo ilizuia vivimbe vipya kuchipuka, lakini haikurefusha maisha. Kwa hiyo bei ya kuchagua mionzi lengwa ni kurudi kwenye MRI kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu kingine kikichipuka mahali pengine kinapaswa kukamatwa kikiwa kidogo, na kinaweza kulengwa kama vile vya kwanza.

Mionzi ya kichwa kizima bado ina mahali pake: vivimbe vikiwa vingi mno, ugonjwa ukiwa umeingia kwenye utando unaofunika ubongo, au saratani ikiwa ya chembe ndogo, ambayo ina njia yake tofauti ya matibabu. Ikilazimika, ulizeni kama inaweza kupangwa ili ikwepe hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, na kama mama anaweza kupewa memantini, dawa ya kusaidia kulinda kumbukumbu, wakati huo. Vyote viwili vimeonyeshwa kupunguza madhara. Mfahamu pia kwamba baada ya mionzi lengwa, miezi au hata mwaka mmoja na zaidi baadaye, sehemu iliyochomwa inaweza kuvimba kwa kufa kwa tishu na kuonekana kwenye picha kama saratani iliyorudi, nayo sivyo. Siku hiyo ikifika, ulizeni swali hilo kabla ya kukata tamaa.

Kufungua fuvu kuna faida zaidi kivimbe kikiwa kimoja, kikubwa, mahali panapofikika. Kwa mama, kwa maelezo yako, sioni kwamba ndiyo njia ya kuanzia.

Kama vidonge vya tiba lengwa vitapatikana, utasikia madaktari wakijadiliana kama mionzi ianze au ingoje kwanza dawa ifanye kazi. Ni mjadala halali. Kwa mtu ambaye vivimbe vyake havijamletea dalili, wapo wanaoanza na vidonge na kurudia picha mapema. Kwa aliyekwisha kupata kifafa na mkono kulegea, wengi hawapendi kungoja.

Kaka yako sasa, na ninakuomba umsomee sehemu hii bila kumkatiza. Anaposema kuna wagonjwa ambao mionzi huwachosha bila kuwasaidia, anasema kweli. Utafiti uliofanyika Uingereza na Australia kwa wagonjwa 538, wote wenye saratani ya mapafu isiyo ya chembe ndogo na wasiofaa kwa upasuaji wala mionzi lengwa, ulionyesha mwaka 2016 kwamba mionzi ya kichwa kizima haikuwaongezea maisha ya maana kupita wale waliopewa deksamethasoni na matunzo mazuri tu. Pande zote mbili nusu yao waliishi takriban wiki 9. Kwa mgonjwa asiyeinuka kitandani, aliyechoka, na ambaye ugonjwa umetapakaa, maneno ya kaka yako yangekuwa ndiyo ushauri wangu. Lakini mama yako hajafika huko, na kosa la kaka ni kumhesabu miongoni mwa watu ambao yeye si mmoja wao. Tena tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na kutunza nafsi, haingoji matibabu yaishe. Mwaka 2010 wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa walioanzishiwa tiba hiyo mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, walionekana kuishi kwa nafuu zaidi na pia muda mrefu zaidi, miezi 11.6 kwa 8.9. Kaka aulizie tiba shufaa sasa hivi. Hapo hatakuwa anapinga mtu.

Kwa mama mkubwa, sitasema kwamba majani hayana kitu, maana yana vitu, na hivyo ndivyo vinavyonitia hofu. Dawa nyingi za saratani huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na baadhi ya mimea huharakisha au huchelewesha kazi hiyo bila mtu kujua. Hata dawa za hospitali hugongana: fenitoini na kabamazepini, zinazotumika kuzuia kifafa, hupunguza kiwango cha osimertinibu mwilini. Angalieni jina lililo kwenye pakiti ya dawa ya kifafa ya mama, mlitaje kwa daktari, na mchukueni mama mkubwa aende na majani yake kliniki ayaonyeshe mwenyewe. Kifafa kikirudi, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, mtazame saa, na kikizidi dakika 5 ni dharura.

Umeuliza amebakiza muda gani. Madaktari hukadiria kwa kutazama umri, nguvu za mgonjwa, kama saratani ipo sehemu nyingine nje ya kifua na kichwa, idadi ya vivimbe, na vinasaba. Kwa wagonjwa wa adenokasinoma wenye alama mbaya katika ukadiriaji huo, nusu yao huishi kupita miezi 7 hivi; kwa wenye alama nzuri kabisa ni karibu miaka 4. Mama ana baadhi ya alama nzuri mkononi, na moja kubwa bado haijafunuliwa. Kabla ya majibu ya vinasaba, atakayekupa namba moja anakisia.

Limebaki lile la shinikizo la damu. Mama aliuliza kwa sababu anajua. Mtu aliyetunga uzi miaka yote hawezi kuamini kwamba ni macho. Siku akiwa ameamka vizuri, kaa naye, na umwachie yeye achague anataka kusikia kiasi gani. Unaweza kuanza hivi: "Mama, uliniuliza kichwani kuna nini, nikaogopa, nikakujibu uongo. Nipo tayari kukuambia nikijuacho. Unataka nikuambie yote, au nianze na lile linalokusumbua zaidi?" Kisha nyamaza. Akiuliza kama ni saratani ileile, mwambie ndiyo, ni ileile ya kifuani, imeweka vivimbe vitatu vidogo, na kuna daktari anayetaka kukipima upya kile kinyama chake kabla ya kuamua.